Gari-Nyumba la Baba Mkubwa Halikuyumba

Kila nikipita kwenye foleni ya malori Tunduma, nikasikia kompresa ikikohoa na harufu ya mpira wa moto ikanijia puani, namkumbuka baba mkubwa na hasira zangu zinaamka. Mnisamehe. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi.

Baba mkubwa aliendesha malori mpaka akastaafu, akanunua basi dogo kuukuu aina ya Kosta. Aling'oa viti, akatia kitanda, jiko na mapazia ya maua, akaliita gari-nyumba. Mtaa mzima ulikuja kulishangaa, naye akasimama mlangoni kifua mbele kama bwana harusi. Kasoro yake ilikuwa moja: kwenye kona liliyumba.

Siku hizo bibi, mama yake mzazi, alikuwa hawezi hata kukaa kwa maumivu ya mgongo. Dada yake pekee alikuwa mahututi kwao Ileje, na bibi alitaka kumwona kabla hajafa. Gari lenye kitanda! Alimshukuru Mungu kwa machozi.

"Liyumbe tu, mwanangu," alisema. "Mimi si nitakuwa nimelala?"

Thubutu. Baba mkubwa aonekane anayumba mbele ya madereva wenzake? Tunduma kila kitu hupimwa kwa lori. Fundi alimshauri abadilishe shokapu zilizochoka na ajaze upepo wa kadiri. Yeye akaamuru springi ziongezwe kana kwamba anakwenda kupakia shaba, na matairi yajazwe mpaka yakawa magumu kama jiwe.

"Mzee, huo upepo wa semi," fundi alisema. "Gari lako jepesi, litarukaruka."

"Mimi nimeendesha semi wewe hujazaliwa!"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwenye lami gari lilinyooka kweli, naye akawapigia honi wenzake wote. Tulipoingia barabara ya vumbi ya Ileje, kila jiwe lilipanda moja kwa moja hadi mgongoni kwa bibi. Nilikuwa nimelala kando yake nikimshikilia. Tukirushwa, tunarushwa pamoja. Sufuria zilianguka. Bibi aliuma khanga yake ili asilie. Nikampigia baba mkubwa kelele asimame.

"Kwani linayumba?" akauliza bila kugeuka, na kukanyaga mafuta.

Mwishowe bibi akaitoa khanga mdomoni. "Gari lako halina kosa, mwanangu. Mgongo wangu ndio umezeeka. Nirudishe nyumbani."

Hapo ndipo aliposimama. Akageuza gari akipiga mluzi, na mimi nikamchukia bibi kwa kumsifia mpumbavu yule.

Dada yake alizikwa kabla bibi hajaweza kuinuka tena. Matangani baba mkubwa aliwasimulia waombolezaji habari za springi zake. "Mama mwenyewe alisema gari halina kosa," alisema, na mpaka leo anasema hivyo.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo nikaelewa. Bibi alimjua mwanawe. Alijua kuwa hatasimama kwa ajili ya maumivu ya mama yake, ila atasimama akisifiwa. Basi akamsifia, akageuzia uso ukutani, na njia nzima ya kurudi akawa analitaja jina la dada yake polepole, kama mtu anayeaga.