Kunawiri Si Kunenepa

Siku moja ya kiangazi, mwanangu, naikumbuka kama ya jana. Nilikuwa mama kijana, napika wali na maharage karibu na makarasha ya Rwamgasa, pale wachimbaji wanaposaga mawe ya dhahabu. Nilikuwa nimenenepa, na unene ule niliuringia.

Usicheke. Miaka michache kabla, VVU vilinikondesha hadi majirani wakaanza kunong'ona habari za mazishi. Shangazi Kabula, dada yake baba, alikuja kutoka Didia akanibeba mgongoni hadi kliniki. Dawa zikaniinua. Kila kilo iliyorudi ilikuwa jibu langu kwa walionong'ona. Nilikula chipsi, nikanywa soda asubuhi na jioni. Wateja wakiniambia, "Mama Masanja, umenawiri," naongeza sahani.

Siku hiyo ya kiangazi, daktari wa kliniki alinipima tumbo kwa ultrasaundi. Akaniambia virusi vimefubaa vizuri, ila ini limejaa mafuta. Nilibisha, maana sikuwa na maumivu yoyote. Akaeleza kwa upole kwamba sisi tunaoishi na VVU jambo hilo hutupata mara nyingi, hata tusiokunywa pombe, na likiachwa ini huweza kuingia makovu. Nipunguze sukari na vya kukaanga, nitembee, nishuke uzito. Dawa nisiache hata siku moja.

Kushuka uzito, mimi! Nilikwenda Didia nalia. Nilimwambia shangazi kwamba nikikonda watasema ugonjwa umerudi. Tena jirani alikuwa ameshanishauri niache dawa nichemshe mizizi, eti dawa ndizo zinazokula ini.

Shangazi alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Hakuinua macho.

"Nilipokubeba mgongoni," akasema, "nilikubeba uishi. Sikukubeba ili watu wa Rwamgasa wakutazame."

Akageuza vipande kadhaa, kisha akaongeza, "Nyumba njema si mlango. Daktari ameingia ndani. Hao wanaokusifu wamesimama nje."

Nilirudi kazini. Mizizi ya jirani sikuigusa, dawa nikaendelea kumeza. Soda nikaacha, nikala mlenda na dagaa wa kuchemsha, ugali kwa kiasi, na sokoni nikawa naenda kwa miguu, bodaboda wakinipigia honi bure. Nilipopungua, wakanong'ona kweli. Mteja wangu wa siku nyingi akahamia kwa mpishi mwingine. Iliniuma, lakini nilitembea nimeinua shingo.

Kipimo cha baadaye kilionyesha mafuta yamepungua sana. Shangazi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alinishika mkono kanisani mbele ya watu wote akasema, "Huyu ni wangu." Nimesifiwa mengi maishani, mwanangu, lakini sijasifiwa tena kama siku ile.

Basi shika haya, kwa kuwa nawe unaishi na VVU kama mimi. Meza dawa zako kila siku, na ukiwa na shaka muulize daktari, si jirani. Ukiona unanenepa upesi, omba wakupime ini na sukari hata kama huumwi popote. Pombe kaa nayo mbali, na mizizi usiyoijua pia, kwani ini ndilo linalobeba yote tunayomeza. Watakaokuhesabia mbavu waache wahesabu.

Mungu akupe umri mrefu na miguu ya kuutembelea, uwalee wanao mpaka nao walee wao.