Baba Yangu na Vikundi Vyake Vinne

Mwili wa baba yangu ulichelewa kuingia kaburini kwa sababu watu waligombania jeneza.

Siyo ndugu. Wangekuwa ndugu ningeelewa.

Walikuwa watu wa jogging, timu ya maveterani, kwaya ya parokia na wazee wa drafti. Kila kundi lina sare yake, na kila kundi linadai marehemu ni wa kwao.

Mie nimesimama pembeni na kanga yangu kiunoni, nawatazama tu. Sisikii uchungu, sisikii chochote. Nilikuwa nawaza kama nimezima jiko nyumbani.

Naitwa Jovina. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, na baba, Mzee Projestus, hakuoa tena. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja Kurasini. Alijifunza kusuka kwa kumtazama dada mmoja wa saluni Tandika. Mistari ilikwenda kombo, lakini shule nilikwenda nimesukwa. Siku ya wazazi hakukosa hata moja. Hapo simdai kitu.

Ila bwana, yule mzee alikuwa na mambo mengi.

Jumapili alfajiri anakimbia na jogging, fulana ya njano. Akirudi anaoga, anakwenda kanisani kuimba besi. Mchana drafti kijiweni. Jumatano jioni yuko golini na maveterani.

Na kote huko hakuna alichokiweza.

Kwenye mbio alikuwa wa mwisho, na mwaka mmoja alipitwa na mama mjamzito. Golini alifungwa mpaka wapinzani wakamwonea huruma. Mwalimu wa kwaya alimwomba, kwa heshima zote, aimbe kwa sauti ya chini.

Nilipohamia Sinza mambo yale yakaanza kunikera. Kila nikitaka kwenda kumsalimia, yuko mazoezini au yuko msibani kwa mwanachama mwenzake. Siku moja nilimwambia ana familia nyingi mno mtaani, ndiyo maana ya kwake haina nafasi. Akacheka, akaniuliza kama nimekula.

Mwezi wa saba akaanguka bafuni asubuhi. Presha. Tunafika hospitali ameshakata kauli, na mchana hakuufikisha.

Nikampigia baba mdogo Stanley, Bukoba. Akataka mwili urudi nyumbani, ukazikwe kwenye migomba ya ukoo. Nikakataa, maana baba alishaniambia zaidi ya mara moja kwamba anataka kulala jirani na mama, hapa hapa Dar. Tukavutana kwenye simu mpaka akachoka.

"Basi kamzike mwenyewe," akasema. "Tuone utambeba na nani."

Nikaanza kuhesabu watu kwa vidole. Mie ni mtoto wa pekee. Majirani zangu wa Sinza nawajua kwa mageti yao. Nilipata watu watano, na mmoja wao alikuwa fundi wangu wa nguo. Wale wa vikundi vyake sikuwahesabu, kwangu walikuwa watu wa kupotezea muda tu.

Hicho ndicho kilichonitisha, kwamba baba yangu atazikwa kama mtu aliyeokotwa.

Kesho yake nafika kwake Yombo saa moja asubuhi, nakuta turubai limeshafungwa. Wazee wa drafti wanashusha viti. Akina mama wa jogging wanachambua mchele. Sikuwa nimempigia hata mmoja. Mtu akanipa chai, akanionyesha pa kukaa, na kuanzia hapo sikushika hata kijiko.

Watu walilia sana. Mie machozi hayakuja. Nikamsikia jirani mmoja akinong'ona kwamba huyu binti ana roho ngumu, nikaona labda ni kweli.

Ugomvi wa makaburini ulimalizwa na Bi Mwanaheri, mwenyekiti wa jogging, mama wa Kizaramo ambaye akisema kaa, unakaa. Aliwagawia hatua: hawa kutoka kwenye gari, hawa mpaka kwenye kona, hawa wamalizie. Tukazika.

Jioni nikamfuata kumshukuru. Nikamwamkia, nikamwambia sikujua kama baba alipenda mazoezi kiasi kile.

Akanitazama kwanza.

"Mazoezi? Mwanangu, baba yako alikuwaga hapendi kukimbia hata kidogo."



"Siku aliyokuja kujiunga hakuuliza tunakimbia saa ngapi. Aliuliza kitu kimoja tu: mwenzenu akifiwa, au akifa mwenyewe, nyie mnafanyaje?"

Akanieleza taratibu. Mama alipofariki, baba alikuwa mgeni mjini. Usiku yuko lindoni, mchana amelala. Hakuwahi kukanyaga msiba wa jirani, na hapa mjini usipozika wenzio, nao hawakuziki. Walikuja wanaume watatu. Jeneza la mama lilibebwa na baba, hao watatu na dereva wa gari. Mwanamke hakuwepo hata mmoja, kwa hiyo mie nilisimama peke yangu kando ya kaburi, bila mtu wa kunishika mkono.

Mie silikumbuki hilo. Baba hakulisahau.

"Alisema huna kaka wala dada, na siku yake ikifika hataki usimame vile tena. Kila kikundi alikiuliza swali lile lile. Ambacho hakina utaratibu wa kuzikana, hakurudi."

Miaka ishirini na kitu, mtu anafanya asichokipenda.

Nikamuuliza, kwa hiyo hakuna alichokipenda hata kimoja?

Bi Mwanaheri akafikiri. "Drafti alikuja kuipenda. Lakini ilichukua miaka."

Natamani niwaambie kwamba hapo nililia, simulizi ingenoga. Sikulia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, ganzi tupu, na mpaka leo ninapoandika bado sijalia. Nasikia tu aibu kwa lile neno nililomwambia kuhusu familia zake za mtaani.

Wewe unayesoma hapa, jirani yako akifiwa, nenda. Kama humjui, nenda vilevile. Kashushe viti, kapepete mchele, kabebe jeneza.

Usidhani unajiwekea wewe. Siku yako ikifika wewe utakuwa umeshalala, hujui kitu. Ila kuna mtu wako atakuwa amesimama.