Sauti Iliyotolewa Kwenye Chaneli ya Familia

Watu wa mtaa waliita parabole yangu, ile sahani ya kunasia televizyo, "sufuria ya papa", yaani ya baba mwenye nyumba. Ilikuwa kubwa, ukiilaza chini mvua ingeijaza na bata wangeogelea. Niliinunua kwa jasho langu. Shule nilisoma kidogo tu kwa mapadri, nikatoka, nikauza chumvi na samaki wa kukauka kutoka Barumbu mpaka nikajenga nyumba ya matofali pale Mangobo. Nasema hivyo kwa sababu kulikuwa na wenye kunong'ona eti kitu kama kile ni cha wakubwa wa chama, na chama wakati ule kilikuwa kimoja. Uongo mtupu. Mimi hakuna mkubwa aliyenipa hata kiberiti.

Niliinunua kwa ajili ya bibi yangu wa ndoa. Binti yetu, mtoto wa pekee, alikufa na homa ya ubongo mwaka aliokuwa anangoja diplome. Tulimzika, na mama yake akakataa kuondoa matanga. Kwetu, muda ukitimia familia inakuja, mnapika, mnakunywa, aliyefiwa anaogeshwa, nguo nyeusi inavuliwa, mutu anarudi katika maisha. Yeye, hapana. Nguo nyeusi mwilini, chakula kama cha ndege. Nikasema, bon, nitamletea kitu cha kuangalia.

Tukapata chaneli moja ya Ulaya, chaneli ya familia, kwa Kifaransa. Michezo ya watoto, mama anapika keki, nyumba nyeupe yenye mbwa. Kati ya mchezo na mchezo sauti ya mwanamke ilitangaza kinachofuata. Sura yake hawakuionyesha hata siku moja. Siku ya kwanza bibi yangu alikuwa anatwanga ndizi za lituma. Mchi ukasimama hewani.

— Papa, sikia. Ni yeye.

Nikasikia. Sitadanganya: ilifanana. Sauti nzito kidogo kwa msichana, na kile kicheko kinachoingia kabla neno halijaisha. Hivyo hivyo ndivyo mtoto wetu alivyokuwa akitusimulia habari za shule.

Bibi yangu Kifaransa hakijui: bonjour na merci, basi. Hakukihitaji. Kila mchana alikaa mbele ya televizyo, sahani mapajani. Sauti ikinyamaza, mkono unasimama; ikirudi, tonge linakwenda. Akaanza kunenepa. Dada zake wakija kuuliza habari ya matanga aliwajibu:

— Munataka niondoe matanga ya mutu anayeongea ndani ya nyumba yangu?

Halafu siku moja tukafungua, chaneli iko na jina lingine. Alama yake, lile jua dogo lenye mashavu, imetoka. Wameweka herufi za buluu. Nyumba nyeupe iko. Mbwa iko. Mama wa keki iko. Lakini wote wanaongea lugha ambayo sijapata kuisikia, na anayetangaza ni mwanaume.

Nikaita fundi wa redio wa Kabondo, mwislamu wa Maniema, mtu mpole. Akapanda, akaigeuza sufuria, akashuka jasho linamtoka.

— Papa, chaneli wameiuza. Wenye kununua wamebadilisha jina, na sasa kila nchi iko na ya kwake. Hii iko ya Waspanyoli. Ile ingine ya Waarabu. Picha iko moja, sauti mbalimbali. Ya Kifaransa bado naitafuta.

Kisha akamgeukia bibi yangu, eti amtulize:

— Mama, lakini hata Kifaransa ulikuwa husikii. Kispanyoli kina ubaya gani?

— Fundi, bibi yako akikutukana na sauti ya mwanamke mwingine, utajua ni yeye?

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Bibi yangu hakucheka.

Mimi nikamwambia asiogope, ni jina tu. Na niliamini. Mtu wa Zaire angeamini nini kingine? Radio ilisema majina ya ubatizo yameisha, tukaamka kila mutu na jina la babu yake. Walibadilisha mji, nchi, mto, pesa; hata tai shingoni ilikatazwa. Bwana akawa citoyen, yaani raia, na tumbo lake lilelile. Mto na jina lake jipya uliendelea kupita kwenye maporomoko ya Wagenia, mitego ya samaki ikisimama ndani ya maji yaleyale. Kwetu jina linabadilishwa kwa amri, mwenyewe anabaki. Alors nikamwambia: yule msichana wamempa jina jipya kama sisi, atazoea, atarudi.

Nikayasema hayo kila mchana. Sahani ikapoa mapajani. Nguo nyeusi ikaanza kumpwaya.

Fundi alirudi tena na tena mpaka akaipata ya Kifaransa, herufi zilezile za buluu. Nikaita:

— Mama, njoo!

Akaja mbio, kiatu mguu mmoja. Tukangoja mchezo uishe. Mwanamke akatangaza. Sauti safi, nyembamba, imenyooka kama rula. Hakucheka.

— Ni yeye, nikasema. Wamemfundisha upya.

Bibi yangu aliniangalia kwa huruma, mimi ambaye sipendi kuhurumiwa.

— Papa, sisi walitutoa majina, sauti walituachia. Huyu walimutoa sauti. Mutoto wetu amekwenda.

Akainuka, akaizima mwenyewe.

— Ita dada zangu. Tuondoe matanga.

Walikuja Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, ilipoisha, na ndizi, pondu ya majani ya muhogo na mbuzi. Wanawake wakamwogesha nyuma ya nyumba wakiimba. Akatoka na kitenge cha rangi, amekonda, akaomba chakula mbele ya watu wote, akala. Vigelegele vikapigwa. Mimi, mwenye nyumba, ilibidi nisimame niwashukuru. Nikasimama na kikombe mkononi. Tangu maziko sikuwa nimelia; kazi yangu ilikuwa kumwambia yeye "atarudi, atarudi", na sasa hapakuwa tena na mtu wa kumwambia. Nikalia kwa nguvu, mbele ya wakwe.

Dada yake mkubwa, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akasema:

— Ee shemeji! Sisi tumekuja kuondoa matanga, wewe ndiyo unayafungua?

Watu wakacheka. Bibi yangu alibeba sahani yake, akaja kukaa karibu na mimi, akaendelea kula polepole, na mimi nikaendelea kulia.