Siku Nilipopaka Breki Mafuta

Wacha nijicheke mwenyewe kwanza, maana Kawangware nzima ilishanicheka: mimi, nyanya mzima, mama wa kanisa, nilishuka mteremko juu ya mkokoteni nikipiga nduru kama nguruwe wa Krismasi.

Mjukuu wangu Nafula, anayeniita Kukhu, yaani nyanya, anasomea mambo ya mashine chuoni. Alikata magunia ya katani, akapanga vitambaa tabaka juu ya tabaka na gundi ya plastiki, ikakauka ikawa kibao kigumu kama jiwe. Miezi mingi kazi yake ilikuwa kusugua vibao kwa chuma kinachozunguka, aone kipi kinashika na kipi kinaisha upesi, na vumbi linalotoka analipima kama dhahabu (nilidhani amerogwa). Kilichomfurahisha akakifanya breki ya mkokoteni, ya kubana ringi ya gurudumu. Njoro, mwenye mikokoteni kule Kawangware, akamwambia, "Siste, hii ikishika kwa mteremko wetu, naweka kwa mikokoteni yangu yote."

Asubuhi ya kujaribu, Nafula akioga, nikakiona kile kibao mezani nyumbani, mtaani kwetu Soweto West. Kimepauka! Kijivu kama magoti ya mtoto asiye na mtu. Sasa mimi sijawahi kutoa mtoto kwa huu mlango bila kumpaka mafuta, nikasema huyu naye ni wa kwetu, nikachota mafuta ya mgando nikapaka, nikasugua, kikang'aa mpaka nikajiona meno (yaliyobaki).

Kufika Kawangware, kibao kikafungwa kwa mkokoteni wa Njoro uliopakiwa tayari, na kiburi kikanipandisha juu ya magunia ya viazi.

"Kukhu, shuka!" Nafula akasema.

"Nyamaza. Nyanya yako lazima aonekane!"

Njoro, aliyeshika mkokoteni mbele, akauachilia, tukashuka, Nafula nyuma akavuta mkono wa breki, na kibao kikalamba ringi kama ulimi wa paka.

"Njoro, inateleza! Zuia!"

"Nizuie na nini, madam? Toka njia! Toka njia!"

Akina mama wa mboga wakaruka, mimi naita Yesu na chifu pamoja.

"Kukhu, uligusa breki yangu?"

"Nilipaka tu kidogo!" nikajibu, na mtaa wote ukasikia.

Nafula akaning'inia kwa ule mkono na uzito wake wote, moshi ukatoka, mafuta yangu yakaungua yakaisha, katani yenyewe ikakutana na chuma: krrr! Mkokoteni ukasimama papo hapo. Mimi sikusimama. Niliendelea peke yangu, na viazi, mpaka ndani ya beseni la visamaki vya omena.

Nafula akaanza kulia, akidhani kibao kimeungua na kazi yake yote imekwisha. Lakini Njoro alikuwa amepiga magoti, anapapasa kile kibao.

"Haijaisha hata! Imeshika na mafuta juu? Siste, leta zingine. Lakini huyu shosh wako abaki nyumbani."

Nafula akacheka na machozi, akinitoa omena kwa kitambaa cha kichwa.

Nimeapa: kitu cha kusugua nakiacha na kupauka kwake. Mafuta yangu siku hizi yanaishia kwa magoti ya watoto.