Vifuniko vya Kijani

Wivu utaniua jamani. Leo nimeumbuka mchana kweupe hapa Geita.

Jirani yangu, Baba Neema, alijaza tairi zake naitrojeni huko Mwanza. Akarudi na vile vifuniko vya kijani kwenye vali, ili tujue humo hamna upepo wa kawaida.

Mke wangu akavisifia wiki nzima. Gari langu hajawahi kulisifia hata siku moja!

Jana nikaenda kwa fundi tairi. Nikajaza upepo uleule wa siku zote, nikanunua vifuniko vinne vya kijani. Mke akafurahi, akamtambia Mama Neema.

Leo Baba Neema huyo mlangoni: "Baba Kulwa, tairi moja imepungua. Nipeleke ulikojaza naitrojeni."

Nifanyeje? Nikampeleka kwa fundi yuleyule.

Fundi kuniona tu, akapaza sauti: "Bosi! Vile vifuniko vya urembo, mama kavipenda?"

Nikabaki naangalia viatu vyangu.

Baba Neema akamwambia taratibu, "Nijazie na mimi upepo huohuo." Hakunicheka. Na nyumbani hajasema kitu.

(Mke wangu hayumo kwenye grupu hili, msimfikishie tafadhalini.)

Yaani hata ustaarabu kanizidi! Sasa niambieni, mtu wa hivi unamchukiaje?