Komeo na Meli za Dada Yake

Fundi cherehani huyu alibandikwa jina la Komeo na dada yake mwenyewe, kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Kila Jumamosi alasiri alifunga kibanda chake akaenda kwa dada, mwalimu mstaafu wa hesabu, wakapigania nyota mpaka chai ikapoa.

Katika mchezo ule kila mmoja huchagua namna ya kuupita mwendo wa mwanga. Komeo alipenda meli za angani zinazofuata njia zilizochorwa kati ya nyota na nyota. Njia zilipokutana alijaza mizinga, akatulia. Dada alipenda meli za kuruka, zinazotoweka hapa na kuibukia popote. Ila zikisharuka, injini lazima zipoe zamu tatu, na mpaka hapo haziendi kokote. Kwa hiyo dada alicheza kwa kuhesabu.

"Komeo, unafunga mlango na mimi nimeshaingia jikoni," alizoea kumwambia, na kwa miaka sita alimshinda karibu kila wiki.

Jumamosi moja dada alirusha jeshi lake lote hadi mbele ya mizinga. Zamu iliyofuata akabofya, akabofya tena.

"Mbona haziondoki?"

"Hazijapoa, dada. Bado zamu mbili."

"Nani kaweka sheria hiyo?"

Komeo alidhani anataniwa. Alipomtazama usoni, hakufyatua hata mzinga mmoja. Wiki ya pili yakawa yale yale, na mpwa wake akamvuta pembeni: mama alipotea akitoka dukani, duka lililo nyumba ya nne tu kutoka kwao. Daktari alishasema ugonjwa huo wa kusahau hauna dawa, utazidi tu.

Komeo akambadilishia dada meli, akampa za njia, maana njia zinaonekana kwenye kioo, hazitaki hesabu. Dada alifuata mstari mmoja kwa kidole mpaka ukingoni, akauliza unakwenda wapi. Miezi michache baadaye akaisukuma kibodi, akasema mchezo huo hajawahi kuucheza. Mpwa akaizima kompyuta, akaifunika kwa shuka.

Komeo bado huenda kila Jumamosi. Humkatia dada kucha.

"Wewe una ndugu?" dada alimuuliza juzi, kwa adabu ya kumuuliza mgeni.

"Ninaye dada mmoja."

"Hajambo?"

Komeo alikata ukucha wa mwisho. "Hajambo," akasema, akauchukua mkono wa pili.