Uji Kabla ya Padri

Mimi ndiye niliyempa nyanya ule uji, na nusura nimuue mama kwa hofu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwenye shamba la pareto la Mzungu upande wa Keringet. Nyanya alikuwa hajatia kitu kinywani kwa siku nne. Asubuhi hiyo padri alikuwa njiani kumletea komunyo ya mwisho, na mama alikuwa nje akifagia uwanja. Nyanya akafungua jicho moja, akaomba uji. Nilifurahi ajabu! Nikamnywesha kikombe kizima.

Mama aliporudi na kuona kikombe kitupu, alikaa chini kwa kishindo. "Umempa uji na Fadha ako karibu kufika? Sasa atapokea aje?"

Hapo nikakumbuka. Katekista alitufundisha kwamba anayepokea komunyo hali kitu tangu saa sita ya usiku. Nikajua nimemfungia nyanya mlango wa mbinguni. Nililia mpaka kamasi zikafika kidevuni.

Pikipiki ya padri ikaingia, yeye mwenyewe matope hadi kwenye kofia. Kabla mama hajafungua mdomo, nikaungama mbele ya kuku wote. Yule mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

"Binti, komunyo hii ina jina lake, *viaticum*. Zamani, hata kabla ya Kanisa, Warumi waliita hivyo vitu vya kumpa mtu anayeanza safari: chakula, nguo, pesa ya njiani. *Via* ni njia. Wakristo wakalichukua jina hilo kwa komunyo ya mtu anayekaribia kufa. Huyo haulizwi kama amekula."

Tulimwelewa mara moja, maana kwetu mgeni hakuwahi kuondoka bila kufungiwa kitu cha kula njiani.

"Kumbe!" nyanya akasema kutoka kitandani. "Basi leteni na ule uji umebaki."

Akapokea. Baada ya mwezi alikuwa shambani akichuma maua ya pareto, akiwaambia watu kwamba safari imeahirishwa lakini chakula chake ameshakula. Niliona fahari kupita kiasi.

Miaka ilipita, akazidiwa kweli. Mama alikimbia kumwita padri, mimi nikawasha moto. Nyanya alikunywa vijiko viwili, akanifinya shavu. Padri alipobisha hodi nilimfungulia mwenyewe, mwiko ungali mkononi.